Mistari Mitano ya Dubow

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: mtu akikueleza mambo yake kwa muda wa saa nzima, kuanzia babu aliyechimba kisima mpaka mbuzi aliyechinjwa juzi, nawe ukaamriwa uyaandike kwa mistari mitano, ungeacha nini?

Usijibu haraka. Nuh mwana wa Barre alijibu haraka, na yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote katika kidato cha pili.

Ulikuwa mwaka wa sitini na saba, muhula wa pili. Watu waliokuwa wakihama na mifugo yao walikuwa wamekusanywa na serikali nje kidogo ya mji wa Garissa, ndani ya seng'enge, ili wasionane na shifta, waasi wenye bunduki. Lango lilikuwa moja. Asubuhi unatoka na kibali, jioni unarudi nacho, na ukichelewa unajieleza kwa askari. Barre alikuwa ameingia humo na ngamia kumi na mmoja. Ngamia hawezi kula mahali pamoja kama mbuzi wa kufungwa; kufikia muhula huo walikuwa wamebaki watatu, mbavu zinahesabika. Mkewe, Habibo, ndiye aliyelisha nyumba. Kila alfajiri alifukiza vibuyu vyake kwa kijinga cha moto ili maziwa yasichache, akachukua maziwa kwa jirani yake Sahara, mke wa Dubow, aliyebakiwa na ng'ombe wanne wa kukamuliwa, akayapeleka sokoni. Jioni wakagawana walichopata, sukari huku, majani ya chai kule, bila maneno mengi.

Siku moja Nuh alirudi kutoka shuleni na karatasi aliyoikunja ndani ya daftari isipate vumbi. Akaifungua mbele ya wazazi wake, juu ya mkeka.

"Mwalimu Mwakio anasema Kiingereza kimegawanywa," alisema. "Muhula huu tumejaribu, sasa mzazi athibitishe. Kuna cha juu, nilikowekwa mimi kwa majaribio, na cha chini. Aweke kidole kwenye safu anayoitaka."

Barre aligeuza karatasi juu chini, akairudisha. "Kwa hiyo Kiingereza nacho kina wenye ngamia na wenye mbuzi?"

"Wa chini wanajifunza kuandika barua ya kuomba kazi, kujaza fomu na kusoma gazeti. Wanafanya mtihani mwepesi. Wa juu wanasoma vitabu vya hadithi, wanaandika insha ndefu na muhtasari, halafu wanafanya ule wa Kembriji wenyewe."

"Wa chini anakuwa nani?"

"Karani."

"Na wa juu?"

"Anaweza kwenda Nairobi. Mwalimu, hakimu."

"Karani anakaa kivulini," Barre alisema. "Hakimu anakaa kivulini. Tofauti iko wapi?"

Habibo alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Hakujua kusoma hata herufi moja, ila alijua safu ya juu ni ipi kwa sababu kidole cha mwanawe kilikuwa kimelala hapo muda wote. Akauliza, "Huo muhtasari ni kitu gani?"

Nuh akakaa vizuri. Hilo ndilo lililokuwa somo lake. Akaeleza kwamba unapewa habari ya maneno mia tatu, nawe unaiandika kwa mia moja. Unaondoa viapo, unaondoa mifano, unaondoa yaliyorudiwa, unaondoa utangulizi. Unaacha mambo makuu. "Hebu nieleze jambo, hooyo," alimwambia mama yake. "Lolote."

Habibo akaeleza yaliyotokea asubuhi kwenye foleni ya maji: jinsi mama Nafiso alivyoweka debe lake mbele ya la mjane wa Kerrow, akiapa kwamba aliliacha hapo tangu jana, na mjane akamwambia debe lako lina miguu, jinsi walivyoshikana shungi, maji yakamwagika, askari akaja na fimbo, akaona aibu kupiga wanawake, akapiga debe.

"Wanawake wawili waligombania nafasi, askari akawaachanisha," alisema Nuh.

Barre alicheka mpaka akakohoa. "Wallahi mtoto huyu ametuokolea siku nzima!"

"Na debe lililopigwa?" Habibo aliuliza.

"Si jambo kuu, hooyo."

Barre hakuweka kidole siku hiyo. Alisema atafikiri. Karatasi ikachomekwa kwenye ukindu wa nyumba, juu ya mahali anapolala Nuh.

*

Dubow alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza amelalaje, anaanza na mvua ya mwaka aliozaliwa. Mwezi wa sita ngamia wake jike alipotea malishoni, akaomba kibali cha siku mbili kumfuata. Alirudi siku ya nne. Askari wa lango walimshika kabla hajaweka fimbo chini.

Mkalimani wa kituo, Abkul, alikuwa amepelekwa Wajir na lori la jeshi. Inspekta alikuwa mtu wa bara. Alijua Kiswahili na Kiingereza, na Kisomali alijua "simama" na "njoo" tu. Maelezo ya mshukiwa yalitakiwa yaandikwe kwa Kiingereza ili yaende makao makuu. Akatuma mtu shuleni: apewe mvulana mmoja, wa Kiingereza cha juu.

Habibo alikuwa langoni na vibuyu vyake akingoja kukaguliwa alipomwona mwanawe akishuka kwenye Landrova. Sare yake nyeupe, soksi zimevutwa juu. Alipewa kiti hapo langoni, kando ya Inspekta. Dubow aliketi chini.

"Mama, beba mzigo wako upite," askari alimwambia Habibo.

"Afande, huyo mtoto ni yangu."

"Basi mtoto wako ni mkubwa leo. Pita."

Hakupita. Alijifanya kufunga upya kamba ya kibuyu. Maneno hayakumfikia pale alipokuwa, lakini sauti ya Dubow aliisikia ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, mkono wake ukichora hewani njia za mifugo. Jua lilitoka bega la kushoto la Inspekta likakaribia utosini. Inspekta alitazama saa. Alimwambia Nuh kitu, akamwonyesha karatasi: ni moja tu. Nuh akaitikia kwa kichwa, akainama, akaandika. Halafu Dubow akaweka kidole gumba. Alipoinuka alimgusa Nuh kichwani, kama mtu anavyomshukuru mtoto wa jirani.

Adhuhuri Nuh alimkuta mama yake sokoni. Uso ulikuwa unang'aa.

"Inspekta amenipa chai ya maziwa. Amesema hajawahi kuona maelezo safi namna ile. Mistari mitano, hooyo! Abkul huandika kurasa tatu na hazieleweki."

"Dubow alisema nini?"

Nuh akamwambia, akihesabu kwa vidole: alichelewa kwa sababu ya ngamia. Alifika kisimani. Alikuta watu wanne wenye bunduki. Aliwatekea maji na kuwapa mbuzi mmoja. Walipoondoka, akarudi.

Habibo alishika kibuyu kwa mikono miwili. "Aliwapa tu? Hivi hivi, kama wageni?"

"Hapana, walimwekea bunduki shangazi yake shingoni. Bishara, yule bibi mzee anayelinda kisima. Walisema Dubow asipoteka maji wanampiga risasi."

"Na hilo uliliandika?"

Muuza vitunguu wa pembeni alikuwa akiita wateja.

"Alilisema mwanzoni kabisa," Nuh alisema polepole. "Alianza na Bishara. Kwamba ndiye aliyemlea Dubow mama yake alipokufa, kwamba alimbeba mgongoni mwaka wa njaa, kwamba mume wake ndiye aliyechimba kile kisima, na kwamba juzi watu walimshika, wakamwekea bunduki, na yeye Dubow hangeweza kumwona akifa. Akaapa mara tatu. Baadaye sana ndipo akafika kwenye maji na mbuzi. Ilikuwa... nilidhani ni utangulizi."

*

Walikwenda kituoni saa hiyo hiyo, vibuyu wakiviacha kwa muuza vitunguu. Waliambiwa wangoje. Waliketi juani mpaka kivuli cha bendera kikazunguka upande wa pili. Inspekta alipotoka alimjua Nuh.

"Ah, profesa! Umesahau kalamu?"

Nuh alisimama akaeleza kwa Kiingereza. Habibo alimtazama mdomo. Alimtazama Inspekta uso. Uso ule haukubadilika ghafla. Ulipoa kidogo kidogo kama chai.

Inspekta akageukia Kiswahili, ili mama naye asikie. "Faili imeondoka na gari la saa saba. Sasa wewe kijana wasema kuna maneno hayamo. Uliyaandika mwenyewe, ukaweka sahihi yako kwamba ndiyo yote aliyosema mshukiwa. Kwa hiyo uliidanganya serikali asubuhi, au unaidanganya sasa? Chagua moja. Zote zina kifungo."

Nuh alifungua mdomo. Alikuwa anataka kusema asubuhi. Mama yake aliliona neno lile likija, kama unavyoona kikombe kikiteleza mezani, akamshika mkono kwa nguvu.

"Habana, afande," alisema. "Mtoto amechanganyika na jua. Hakuna maneno ingine. Sisi nakwenda."

"Hakuna maneno mengine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Mama huyu ana akili." Akamrushia Nuh kipande cha chaki kilichokuwa dirishani. "Rudi shule."

Kufika karibu na lango, Nuh alisema, "Ningesema, hooyo."

"Najua. Ndiyo maana nilikushika."

Alfajiri ya siku iliyofuata, lori lilipita na watu tisa nyuma, wamefungwa wawili wawili, na mmoja peke yake. Huyo wa peke yake alikuwa Dubow. Mpaka lori linapinda alikuwa akizungumza na askari aliyekaa karibu naye, ingawa yule askari hakuelewa hata neno.

*

Sijui nani alitoa siri. Pengine muuza vitunguu. Ndani ya seng'enge hakuna neno linalokosa masikio. Siku mbili hazikupita, Habibo alipofika kuchukua maziwa, alikuta ng'ombe wameshakamuliwa na maziwa yamekwenda kwa mama Nafiso. Sahara alikuwa amekaa mlangoni. Hakumfukuza. Hakumsalimu pia.

Kwenye foleni ya maji walimsogezea debe nyuma, mara moja, mara mbili, mpaka akawa wa mwisho.

"Mpisheni mama wa mistari mitano," mama Nafiso alisema. "Ana haraka. Kwao kila kitu ni kifupi."

"Hata maji tumtekee kikombe kimoja," mwingine akasema. "Mengine ni utangulizi."

Walicheka. Habibo alingoja mpaka kisima kikawa tope, akachota hilo tope, akaenda nalo nyumbani akalichuja kwa kitambaa. Alipoomba kijinga cha moto kwa jirani wa kushoto, aliambiwa moto umezimika, na moshi anauona. Barre alipokwenda msikitini, watu wa safu yake waliacha nafasi ya mtu mmoja kila upande. Nuh aliitwa Kalamu. "Kalamu, nifupishie njia." "Kalamu, mke wangu anasema sana, njoo."

Kijana aliendelea kwenda shule. Lakini Mwalimu Mwakio alipotoa zoezi la muhtasari, Nuh aliinakili habari yote, neno kwa neno, maneno mia tatu na arobaini, akairudisha. Mwalimu alimwita pembeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtaja Nuh siku ile Inspekta alipotuma mtu, na tangu hapo alikuwa hali wala halali vizuri.

"Nikupe alama gani hapa, Nuh?"

"Yoyote, mwalimu."

"Ukiendelea hivi nitalazimika kukushusha."

"Nishushe."

Wiki ya tano habari ilikuja kwa njia ya dereva wa lori la ngozi. Dubow alikuwa amekufa huko walikompeleka, kwa tumbo la kuharisha, na alikuwa amezikwa na wafungwa wenzake. Hakuna kitu chake kilichorudi. Kiko chake cha tumbaku na fimbo vilibaki langoni, kwenye pipa la vitu vilivyonyang'anywa, na askari alisema hawezi kuvitoa bila karatasi.

*

Wazee walikaa nyumbani kwa Barre, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyofanywa: aliyekosa ndiye anayetandika mkeka. Mzee Yarrow, kaka wa marehemu Dubow, alikaa upande wa mlango. Habibo alikuwa nyuma ya pazia la mkeka akichemsha chai, akisikia yote.

"Aliyemuua ni serikali," alisema mmoja. "Kalamu haiui."

"Bunduki nayo haiui," Yarrow alijibu. "Kidole kinaua. Na mwenye hiki kidole tunamjua, tumemtahiri sisi."

"Ni mtoto, Yarrow."

"Na mimi nilikuwa na kaka."

Wakanywa chai. Kulipa ngamia wa fidia ya damu kulitajwa. Wote wakamtazama Barre, wakawatazama wale ngamia watatu waliolala nje kama magunia matupu, na hakuna aliyelitaja tena. Mwisho Yarrow mwenyewe ndiye aliyepata neno.

"Wanapotaka mkalimani, wanaita wale wa Kiingereza cha juu. Si kweli? Basi mtoto asiwe huko. Ashuke chini, ajifunze kujaza fomu za ngozi. Kesho Inspekta akimtaka, aambiwe hajui. Sitaki kusikia mtoto wa humu ndani ameandika tena maisha ya mtu."

"Nimekubali," Barre alisema haraka, kama mtu aliyetua mzigo. "Habibo! Lete ile karatasi."

Habibo aliichomoa kwenye ukindu. Ilikuwa imepata rangi ya moshi. Tangu siku ya kwanza alikuwa akilala akiiwaza safu ya juu. Alikuwa amemwona Nuh wake Nairobi, amevaa miwani, amekaa kwenye kiti chenye mgongo. Sasa alisimama na karatasi mkononi mbele ya wanaume sita, na neno lililokuwa kooni mwake lilikuwa lile lile alilomnyang'anya mwanawe kituoni. Angelisema wapi? Yeye ndiye aliyesema hakuna maneno mengine.

Hakukuwa na wino. Barre alisugua dole gumba kwenye masizi ya birika, akauliza ya chini ni ipi. Nuh, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alikuja akamwonyesha. Doa likawa jeusi na kubwa kuliko nafasi yake.

"Mke wa marehemu ataridhika?" aliuliza mmoja.

"Ataridhika," alisema Yarrow.

Wakasoma fatiha, wakaenda.

*

Jioni ile, kabla king'ora cha kufunga lango hakijalia, Habibo aliichukua ile karatasi akaenda kwa Sahara. Nuh alimfuata mpaka nje, akasimama penye kuni. Sahara alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda, amekaa juu ya ngozi, mikono mapajani. Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa, walikuwa wakilia.

"Walaal, ndugu yangu," Habibo alisema, "nimekuletea uone. Wazee wamekata shauri. Mtoto ameshuka darasa." Akaitandaza karatasi mbele yake, wote wawili wakaitazama bila kuisoma. "Hili ndilo doa la Barre. Ni chini."

Sahara aliinamisha kichwa.

"Hataitwa tena. Hatakuwa hakimu wala nani. Tumemshusha."

Habibo akaisogeza karatasi karibu naye.

"Ukitaka atoke shule kabisa, sema. Nitamtoa. Ukitaka niende kwa Inspekta niseme mimi ndiye niliyedanganya, nitakwenda kesho. Nilimziba mdomo, Sahara. Alitaka kusema, mimi nikamshika mkono. Umenisikia? Ni mimi. Niambie kitu. Nitukane."

Sahara aliinua kichwa. Sauti yake ilikuwa imekauka, kwa kuwa haikuwa imetumika siku nyingi.

"Alikuja Yarrow akaniuliza kama nimeridhika, akajijibu mwenyewe, akaondoka. Walikuja wanawake wakasema nikunyime maziwa. Mimi sikusema wakunyime, walikamua wenyewe. Sasa umekuja wewe na karatasi. Juu, chini, mimi ya nini? Dubow atatoka kwenye safu gani?" Aliisukuma karatasi kando kwa ncha ya kidole. "Miaka kumi na tisa nimeolewa na mtu yule. Alikuwa akisema mpaka nasinzia. Nilikuwa namwambia, bas, Dubow, fika mwisho. Kila siku namwambia afike mwisho."

"Unataka nini, walaal?" Habibo aliuliza, na aligundua kwamba ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza Sahara hivyo.

Sahara alitazama nje, kule penye kuni.

"Mwanao ndiye wa mwisho wa humu ndani kumsikia kwa lugha yetu. Saa nzima alimsikiliza, hakuna mwingine duniani aliye na saa ile. Mwambie aingie, akae hapo. Aniambie yote, na viapo vyake, na Bishara, na mvua, na kila aliyemtaja. Nataka kujua kama alinitaja."